Seti imeisha ila picha haikubali: tutafute tatizo liko wapi

Wakuu, kwanza tuelewane lugha. Nikisema figa hapa naongelea ile midoli ya viungo inayokunja goti na kiwiko, ya urefu wa sm 15 hivi, siyo figa la jikoni, maana siku moja nilimwambia shangazi nimeagiza figa mbili akaniangalia weee, akasema jiko halikai kwa mafiga mawili mwanangu, ongeza moja. Na seti ni ile nyumba, duka, uchochoro au ofisi unayoijenga kwa maboksi ili figa zako zisimame humo upige picha moja baada ya nyingine mpaka ziwe stori.

Haya naandika kwa yule ambaye ameshajenga, amekesha, vidole vimejaa gundi, af anapiga picha anaona kuna kitu hakijakaa sawa na hajui ni nini. Kutafuta ugonjwa mi huwa sikagui seti, nakagua picha. Seti ukiikodolea macho utaona makosa mia, tisini kati ya hayo kamera wala haitayaona, na yale kumi yanayoharibu picha hutayaona mpaka uangalie kwenye kioo cha simu. Kwa hiyo piga picha moja ya majaribio, ikuze, af tafuta hapa chini inafanana na dalili ipi.

"Kila kitu kipo ila bado inaonekana ni midoli juu ya meza"

Hii ndo kesi inayoleta watu wengi, na sababu zake ni nyingi, nazipanga kuanzia ile ya bure.

Kamera iko juu mno. Umesimama, meza ipo kiunoni, unapiga huku unaangalia chini. Sasa piga hesabu, figa ya sm 15 ni skeli ya 1/12, yaani kila kitu kimepunguzwa mara 12, kamera ikiwa sm 60 juu ya sakafu ya seti ni kama mpigapicha yuko mita 7 na kitu juu, yuko ghorofa ya pili anachungulia wapita njia. Hakuna stori inayopigwa yote kutoka ghorofa ya pili. Macho ya figa yako yapo kama sm 14 kutoka chini, lensi iweke hapo hapo. Simu ukiisimamisha kawaida lensi inakuwa juu, igeuze kichwa chini miguu juu, lensi itashuka mpaka karibu na sakafu ya seti, picha utaigeuza baadaye. Mi hili tu lilinitatulia nusu ya matatizo na nilikuwa nimeshapanga kununua kamera nyingine.

Nyuma pana ukungu mno. Ukisogeza lensi karibu sana na kitu kidogo, sehemu iliyo kwenye fokasi inakuwa nyembamba kama kipande cha mkate, pua iko poa sikio limeshapotea. Na jicho la mtu limezoea kwamba ukungu wa namna hiyo unatokea kwa vitu vidogo, kwa hiyo hata kama hajui sababu, akiona tu anajua hiki kidude ni kidogo. Dawa ni kurudi nyuma. Rudi nusu mita au zaidi, tumia zumu ya mara 2, au piga hivyo hivyo ukate baadaye. Ile modi ya potreti izime kabisa, inakata nywele na silaha mkononi vibaya halafu inaongeza ukungu ambao ndo tunaukimbia. Mwenye kamera ya lensi aende f/8 mpaka f/11, yaani tundu la lensi liwe dogo ili fokasi iwe pana, aweke kwenye stendi, shata (muda ambao kamera inapokea mwanga) iwe ya polepole, figa haitapepesa macho.

Mchanga ni mkubwa. Hapa wengi wanabisha, wanasema nimeweka mchanga halisi kabisa wa baharini itakuwaje uonekane feki. Utaonekana feki kwa sababu punje ya mm 1 ukiizidisha mara 12 ni kokoto ya mm 12, umemwagia mtaa mzima kokoto. Chekecha kwa chujio la chai, kinachobaki juu ni mawe ya pembeni mwa barabara, kinachopita ndo mchanga wako. Kwa vumbi la njia nasaga kipande cha tofali la kuchoma mpaka kiwe unga, rangi yake ni ile ile ya mtaani kwetu, tena haichuji.

Vivuli viwili. Taa ya dari imewashwa, na taa yako ya pembeni imewashwa, figa ina kivuli kinaenda kushoto na kingine kulia wakati stori yako ni ya saa sita mchana. Jua ni moja. Zima taa ya chumba, bakiza moja. Na hiyo moja usiiweke karibu, kwa sababu taa ya karibu inaunguza upande mmoja wa ukuta na shibiri moja tu pembeni pana giza, jua halifanyi hivyo. Isogeze mita moja na nusu au mbili, tundika juu ya kabati ukiweza. Kumbuka pia balbu yenye upana wa sm 6 kwa figa yako ni kama sinia la sm 72 linalowaka, ndo maana ukiiweka karibu kivuli kinakuwa laini kama cha studio. Ukitaka kivuli kikali cha mchana tumia tochi ndogo ya mbali.

Ya mwisho kwenye hii dalili ni usafi. Seti mpya inang'aa kila kona. Nenda kaangalie ukuta wowote wa nyumba ya uswahilini, kuanzia chini mpaka kama sm 35 juu pana ule mstari mwekundu ambapo maji ya mvua yakidondoka kutoka kwenye bati yanarusha udongo ukutani. Kwenye skeli yetu ni sm 3. Chukua rangi ya kahawia, izimue kwa maji mpaka iwe kama chai ya rangi, chovya mswaki wa zamani, rusha kwa kidole kuanzia chini. Chini ya dirisha weka michirizi ya mkaa uliosagwa. Dakika kumi tu, na ukuta wa boksi unapata miaka ishirini.

"Seti nzuri ila kamera haiingii"

Hapa niseme yangu. Mwaka ule nilijenga duka la mangi, duka kamili, kuta nne, dari, rafu tatu, dirisha la nondo nilizotengeneza kwa waya wa hanga, sabuni za kipande nilizokata kwenye ndala ya bluu iliyokufa, mpaka daftari la madeni lenye upana wa sm 1 na nusu. Wiki tatu. Siku ya kupiga nikagundua njia pekee ya kumwona mangi ni kupitia dirisha la nondo, na kupitia hapo unaona nondo na kidevu. Nikakata ukuta wa nyuma kwa wembe huku roho inauma.

Kosa halikuwa kwenye kujenga, nilianza kujenga kabla sijajua picha. Nilipokaa nikachora viboksi kwenye daftari, picha 24, watu wa vijiti tu hakuna usanii, nikakuta picha 17 kamera iko nje inaangalia dukani, 5 iko ndani nyuma ya bega la mangi, na 2 ni za karibu za mkono unapokea hela. Dari haionekani hata kwenye moja. Ukuta wa kushoto hauonekani hata kwenye moja. Yaani zile siku nne za kukata mbao za dari kwa vijiti vya mishikaki nilikuwa najifurahisha mwenyewe.

Kwa hiyo sasa chora kwanza, af hesabu kila ukuta unaonekana mara ngapi. Usioonekana usiujenge. Unaoonekana mara moja mbili ujenge kipande tu. Na zile kuta zinazobaki usizigundishe pamoja, zisimamishe kwa vibanio vya nguo au pini ili uweze kutoa moja, kuingiza kamera, halafu kurudisha. Watengeneza sinema wa ukubwa wetu nao wanafanya hivyo hivyo, kuta za studio zinatoka.

Kama umeshagundisha kila kitu na hutaki kukata, jaribu kioo kidogo cha mkoba, kiweke ndani ya seti kwa pembe upige kinachoonekana kwenye kioo, picha itakuwa imegeuka kushoto kulia, iflipu. Sio kila mara inakubali lakini imeshaniokoa. Angalia tu maandishi, ukiflipu yanasomeka vizuri, ukisahau kuflipu "soda" utaiona "ados".

"Mtu wangu anaonekana mtoto, au jitu"

Vipimo. Hapa hakuna siri, chukua kitu halisi, pima, gawa kwa 12. Mlango wa mita 2.1 unakuwa sm 17.5. Meza ya sm 75 inakuwa sm 6 na robo. Kiti cha sm 45 kinakuwa sm 3.75, kidato cha ngazi cha sm 18 kinakuwa sm 1.5, chumba cha mita 3 kwenda juu ni sm 25. Tofali la bloku la inchi 6, lile la sm 45 kwa 23, uso wake unakuwa sm 3.75 kwa 1.9. Wenye zile figa ndogo za inchi 3.75 gaweni kwa 18, na wenye makubwa ya sm 30, ya ukubwa wa zile G.I. Joe za kwanza za 1964, gaweni kwa 6.

Kinachowachanganya watu ni kwamba wanapima mlango sawa, halafu wanaweka chupa, kikombe au kikapu kutoka kwenye midoli mingine ya skeli nyingine. Mlango ukikosea kwa sentimita hakuna atakayegundua. Kikombe kikikosea kila mtu anagundua, kwa sababu kipo mkononi na mkono ndo rula. Vitu vya kushikwa ndo uvipime kwa uchungu.

Na kwenye mabati nina habari njema. Mawimbi ya bati la kawaida la mgongo yamepishana kama sm 7.6, gawa kwa 12 unapata mm 6 na kidogo. Sasa chukua katoni, loanisha karatasi ya juu, imenye taratibu, yale mawimbi ya ndani yamepishana mm 6 mpaka 8 kutegemea na aina ya boksi. Yaani bati la skeli yako linatupwa bure nyuma ya kila duka la jumla. Tafuta yale maboksi membamba kidogo ndo mawimbi yake yako karibu zaidi. Kata vipande vya sm 6 na nusu kwa upana, maana bati halina upana wa nyumba nzima na watu wengi wanasahau hilo wanaweka karatasi moja kubwa, viungio vikikosekana paa linakuwa kama biskuti. Vipande vipandiane kwa wimbi moja. Paka rangi ya kijivu, kutu weka kwenye viungio na kwenye misumari tu, kutu haitokei katikati ya bati zima bila sababu.

"Povu limeyeyuka, boksi limepinda"

Povu hapa ni lile jeupe linalokuja kwenye boksi la TV. Kama umelipulizia rangi ya spreyi likatoboka kama limeliwa na mchwa, sababu ni kimiminika kilichomo kwenye spreyi, kinayeyusha hiyo plastiki. Thina nayo hivyo hivyo, petroli hivyo hivyo, supagluu nyingi pia. Lipake kwanza gundi nyeupe ya mbao iliyozimuliwa kidogo kwa maji, mara mbili, ikauke kabisa, au tumia rangi ya maji moja kwa moja na usahau spreyi. Sehemu yoyote uliyoruka hata kama ni ncha ya sindano spreyi itaipata. Bunduki ya gundi ya moto nayo inachimba mashimo, subiri gundi ipoe sekunde chache kwanza ndo ubandike.

Kuna lingine ambalo lilinichukua muda mrefu kuelewa. Nilihifadhi figa imelala kwenye kitanda cha povu miezi kadhaa, nilipoitoa povu lilikuwa limebonyea na kunata umbo la mgongo wake. Kumbe plastiki laini ya PVC ina mafuta yanayoilainisha, yanatoka taratibu na yanakula lile povu. Weka karatasi katikati.

Boksi kupinda ni maji. Ukipaka rangi upande mmoja, upande huo unavimba halafu unakauka na kujikunja, ukuta unakuwa kama kigae. Paka pande zote mbili siku hiyo hiyo hata kama nyuma haionekani, laza juu ya kitu bapa, weka vitabu. Ukuta wowote unaozidi sm 30 uwekee mgongo, vipande vya boksi vilivyosimamishwa wima nyuma, na angalia mawimbi ya ndani yaende juu-chini siyo kulalia upande, hapo ukuta unasimama wenyewe. Kwa sisi wa pwani masika ikiingia, kuanzia Machi mpaka Mei, hata seti iliyokauka inalegea na gundi nyeupe inaota ukungu ikifungiwa kwenye mfuko wa nailoni. Iache ipumue.

"Figa inaanguka kila nikibonyeza"

Angalia kwanza kama inaanguka au inalegea. Inayoanguka nzima kama gogo ina tatizo la uzito, kitovu cha uzito hakiko juu ya nyayo, hasa ukiipa bunduki au mabawa. Peleka mguu mmoja nyuma, inamisha kifua kidogo mbele, mtu halisi akibeba mzigo anafanya hivyo. Inayokunjika polepole ina viungo vilivyolegea. Toa kiungo kama kinatoka, paka rangi ya kucha isiyo na rangi kwenye ule mpira, subiri ikauke kabisa ndo urudishe, kikibaki legelege rudia. Ukirudisha ikiwa mbichi umegundisha bega milele, nina mmoja yuko hivyo, sasa huwa anaigiza mtu aliyevunjika mkono.

Mguu uliopinda kwa joto uchovye kwenye maji ya moto sana nusu dakika, unyooshe, af uingize kwenye maji ya baridi ukiwa umeushikilia. Na kwa picha ya kuruka usihangaike na uzi unaoonekana, toboa ukuta wa nyuma pitisha waya mnene mpaka mgongoni, mwili wenyewe unauficha waya. Chini ya nyayo kipande kidogo cha ile gundi ya kubandikia mabango, kama punje ya maharage, kisionekane mbele ya vidole.

"Mistari kwenye picha, na rangi zinaruka"

Mistari ya giza inayolala kwenye picha nzima ni balbu. Umeme wetu ni wa 50 Hz, balbu nyingi za bei rahisi zinapepesa mara 100 kwa sekunde, shata ikiwa ya haraka inakamata mapepeso. Weka shata 1/50 au 1/100 kwenye modi ya pro, ile unayopanga kila kitu mwenyewe, mistari inaondoka. Ikibaki badilisha balbu.

Mistari ya mviringo kama alama za vidole, hiyo inatokea ukitumia laptopu au tableti kuwa mbingu ya nyuma, vidoti vya skrini vinagombana na vidoti vya kamera. Sogeza skrini mbali na seti, sm 30 au 40, ikitoka kidogo tu kwenye fokasi mistari inakufa, na hapa ndo mahali pekee nakuruhusu ukungu wa nyuma. Taa isiipige skrini, ukiona mbingu ina alama ya balbu ujue.

Rangi kuruka kutoka picha moja kwenda nyingine, hii ya manjano ile ya bluu, ni simu kujiamulia. Funga mwanga, fokasi na rangi kwenye modi ya pro, namba zile zile picha zote za tukio moja. Usichanganye dirisha na balbu ya njano. Na kuna simu ukisogea karibu inahamia yenyewe kwenye kamera ya makro, ile ya vitu vya karibu, ghafla pua ya figa imekuwa kubwa na ukuta umepinda, unadhani seti imesogea kumbe ni lensi imebadilishwa. Zima hiyo otomatiki.

Wanaopiga kwa jua, jua linasogea nyuzi 15 kila saa. Ukianza saa 10 jioni ukamaliza saa 12 vivuli vimeshahama, wahusika wanaongea sentensi mbili na jioni imeingia. Piga kwanza picha zote pana za tukio, za karibu zifuate kwa sababu kwenye za karibu sakafu haionekani sana.

"Mandhari ya nyuma ni ya kweli lakini inabishana na seti"

Kupeleka seti nje ukaweka miti na nyumba halisi nyuma ni njia tamu sana. Mmarekani mmoja, Michael Paul Smith, alijenga mji wake wa kubuni wa Elgin Park namna hiyo, magari ya modeli ya skeli ya 1/24 juu ya meza, nyuma mtaa wa kweli, na kamera yenyewe ilikuwa ndogo ya kawaida.

Ikikugomea, uwezekano mkubwa ni urefu wa meza. Mstari wa upeo, pale mbingu na ardhi vinapokutana, siku zote unakuwa usawa wa lensi. Meza ya sm 75 ukijumlisha sm 14 lensi iko sm 89 kutoka ardhini, kwa hiyo nyuma kila kitu kimepigwa na mtoto wa miaka mitatu, mpita njia kichwa chake kiko juu mbinguni, wakati mbele figa ameangaliwa na mtu mzima mwenzake. Jicho linakataa. Pandisha meza, weka juu ya tofali, juu ya ukuta wa uzio, juu ya boneti la gari ukiruhusiwa, mpaka lensi ifike usawa wa macho yako ukiwa umesimama. Hapo watu wa nyuma na figa wa mbele vichwa vyao vinakaa kwenye mstari mmoja. Ukingo wa meza ufiche kwa ule unga wa tofali na majani mafupi.

"Kila picha nzuri ila stori haieleweki"

Hii naenda haraka. Wahusika wawili wanaongea, vuta mstari wa kufikirika kati yao, kamera ibaki upande mmoja wa huo mstari tukio zima. Ukivuka, aliyekuwa anaangalia kulia anaangalia kushoto, msomaji anadhani wamegeuziana migongo. Mi nabandika selotepu mezani kabisa, huku ruhusa kule marufuku. Alama ya selotepu pia chini ya kila kiti kabla hujaenda kula, maana ukirudi dada ameshafuta vumbi.

Nguo, maji na moshi

Nguo inasimama kama boksi kwa sababu kitambaa hakipungui unene. Kanga halisi ni kama sm 150 kwa 110, kwenye skeli ni sm 12.5 kwa 9, ukikata kwenye kanga ya kweli unapata ua moja kubwa na nguo ngumu kama mkeka. Piga picha kanga nzima imetandikwa, pindo, mji na jina vyote vionekane, punguza, printi kwenye karatasi laini nyembamba iliyobandikwa juu ya A4 ili printa isiitafune. Ikunjekunje mkononi, chovya kwenye gundi iliyozimuliwa sana kwa maji, ivalishe, panga mikunjo kwa kijiti ikauke ikiwa mwilini. Jina halisomeki kwa ukubwa huo ila mahali pake pakiwepo mtu anajua hii ni kanga.

Maji halisi hayakubali, tone moja kwenye paji la figa ni sawa na embe. Jasho tumia gliserini na maji nusu kwa nusu, kwa ncha ya sindano. Dimbwi tumia gundi ya uwazi au jeli ya nywele iliyotulia bila mapovu.

Moshi wa sigara au wa jiko mi natumia udi, unapanda mwembamba na taratibu, ukipata mwanga kutoka nyuma unaonekana, ukipata wa mbele haupo. Siku ya kwanza mama aliingia akakuta chetezo katikati ya meza na mangi wangu amefunikwa na moshi akauliza nani anaolewa. Sasa onyo, udi ni kaa la moto na seti yako ni karatasi, gundi na povu, na povu likishika halizimiki kirahisi na moshi wake ni sumu. Chetezo kikae nje ya seti nyuma ya ukuta, moshi uingize kwa mrija wa karatasi ya foili kupitia tundu, dirisha wazi, ndoo ya maji miguuni, na figa ya bei usiiweke kwenye hiyo picha mpaka umejaribu na ile ya mkono uliogundika.